Timazi ya wote: vifaa vya pamoja kwa nyumba tunazojijengea

Kijiji ambacho watu wanajijengea nyumba kwa mikono yao hakina sababu ya kila kaya kununua sururu, mtaimbo, toroli na ngazi. Sururu inachimba msingi siku nne au tano, kisha inalala miaka. Hesabu hiyo kila mtu anaielewa, na ndiyo maana ghala la vifaa vya pamoja huanza kwa furaha. Likikwama, lawama huenda kwa wizi au uzembe. Kwa maoni yangu hasara kubwa zaidi hutokana na vifaa vinavyoonekana vizima kabisa: pimamaji iliyoanguka jana, tepu iliyopinda mdomo, kalibu ya kufyatulia matofali iliyolika pembe. Sururu iliyovunjika mpini inajitangaza, haimfikii jirani. Pimamaji yenye kosa la milimita moja inaazimwa, inapotosha ukuta wa nyumba ya kwanza, inarudishwa ikiwa safi, na kesho inapotosha wa nyumba ya pili kwa kiasi kilekile. Mwenye nyumba anagundua siku ya kuezeka, na kufikia hapo haijui tena sababu.

Kwa hiyo vipimo kwanza.

Pimamaji hujaribiwa kwa kuigeuza. Iweke juu ya mbao iliyotulia, tazama kiputo cha hewa ndani ya kioo chake kimekaa wapi kati ya mistari miwili, kisha igeuze palepale, mwisho wa kulia uwe kushoto, bila kuigusa mbao. Kiputo kikiegemea upande uleule wa mbao kwa kiasi kilekile, chombo ni kizima hata kama mbao yenyewe imeinama. Kikihama, nusu ya tofauti hiyo ndiyo kosa la chombo. Kioo cha kusimamisha ukuta kina jaribio lake: bana pimamaji kwenye mhimili wa mlango, soma, kisha izungushe ili ubavu wa pili ndio uguse mahali palepale, soma tena. Usidharau milimita moja. Pimamaji ya sentimita 60 ikibebwa hatua kwa hatua kwenye ukuta wa mita 9 huwekwa mara 15, na kosa linaelekea upande mmoja kila mara. Mwisho wa ukuta una milimita 15 za mteremko ambao hakuna aliyeukusudia.

Ndiyo sababu kwa umbali mrefu mpira wa levo, yaani mpira wenye maji ambayo husimama usawa mmoja kwenye ncha zake mbili, ni bora kuliko pimamaji yoyote. Chukua mpira mweupe unaoonyesha ndani, mita 12 hadi 15, wenye tundu la milimita 8 hadi 10. Ujaze kwa kuyavuta maji kutoka ndoo iliyoinuliwa, kwa sababu ukimimina kwa kikombe unaingiza hewa. Kisha upitie wote kwa macho na vidole, maana kiputo kimoja kilichojibana katikati kinatosha kuupotosha. Kabla ya kazi, unganisha ncha zote mbili uone kama maji yamesimama usawa mmoja. Watu wawili hushika ncha, kila mmoja akiziba yake kwa kidole gumba; wakati wa kusoma, wote wawili waachie vidole hivyo. Mmoja akisahau kuachia, maji hayasogei na kipimo ni batili. Ukirudi ghalani uwe mtupu, umezungushwa na kutundikwa. Ukibaki na maji unaota ukijani ndani, na baada ya hapo hutaona tena maji yanaishia wapi.

Timazi, yaani uzito unaoning'inizwa kwa uzi kupima wima wa ukuta, haina mambo mengi. Uzi utoke katikati ya kichwa chake. Ikiwa ukiizungusha ncha inachora duara badala ya kusimama, tundu liko pembeni. Kwenye upepo, ning'iniza uzito wake ndani ya ndoo ya maji na itatulia. Pima nafasi kati ya uzi na ukuta, juu na chini, kwa kipande kilekile cha mbao.

Tepu ndiyo inayoharibiwa na watu wenye nia njema. Ule mdomo wa bati mwanzoni unacheza kidogo mbele na nyuma, na mtu akiuona anadhani umelegea, anaugonga kwa nyundo ukaze. Umetengenezwa ucheze. Unasogea kwa unene wake wenyewe, ili ukiukwamisha ukingoni mwa mbao au ukiusukuma dhidi ya ukuta, kipimo kiwe sahihi kwa njia zote mbili. Uliokwisha kugongwa unakupa milimita moja au mbili za uongo upande mmoja. Ukiutilia shaka, anzia kwenye alama ya sentimita 10 kisha uondoe 10 kwenye jibu. Na nyumba moja itumie tepu moja tangu kigingi cha kwanza hadi kenchi ya mwisho, kwa sababu tepu mbili zilizotumika sana hazikubaliani.

Guni, yaani skwea, huwekwa kwenye ukingo wa mbao iliyonyooka; chora mstari, ligeuze, chora mwingine kuanzia nukta ileile. Mistari ikiachana, nusu ya mwachano ndiyo kosa. Kwa msingi mzima, hata hivyo, guni ni dogo mno. Tumia 3, 4, 5, au bora 6, 8, 10: mita 6 upande mmoja wa pembe, mita 8 upande mwingine, na kati ya ncha zake lazima ziwe mita 10 kamili. Nyumba ya mita 8 kwa 6 ina bahati ya kuwa na mshazari wa mita 10 wenyewe. Pima mishazari yote miwili. Ikitofautiana, sogeza vigingi vya upande mmoja pamoja, kidogo kidogo, ukipima upya urefu wa kuta kila unaposogeza. Usipime kwa kamba ya katani au nailoni, inavutika. Msingi uliokwenda upande huwezi kuunyoosha kwa matofali, na bati la mwisho litakutana na ukuta kwa pembe, huku likiacha pengo upande mmoja.

Vitu hivi vyote, pimamaji, mpira, timazi, tepu na guni, naviweka kwenye sanduku lake lenye magunia ndani, chini ya mtu mmoja. Vikitoka anavijaribu mbele ya mwazimaji, vikirudi anavijaribu tena. Ni kazi ya dakika tano. Sanduku lisitumike kama kigoda.

Sasa kalibu, ambayo watu hawaihesabu kuwa kipimo, nayo ndiyo kipimo kinachorudiwa mara nyingi kuliko vyote. Kalibu ya mbao ya tofali bichi inalika chini, pale inapoburutwa juu ya mchanga, na pembe zake zinafunguka. Tofali linalotoka leo linakuwa fupi kuliko la mwezi uliopita. Tofauti ya milimita 3 haionekani mkononi, lakini ukuta wa kimo cha mita 2.4 wenye kozi, yaani safu za matofali, za sentimita 10 una kozi 24, na 3 mara 24 ni milimita 72. Hiyo mota, yaani mchanganyiko wa kuungia matofali, itaifidia kwa kunenepa, na mota nene ndiyo sehemu dhaifu ya ukuta. Jaribio ni rahisi: panga matofali 10 ya kalibu hii na 10 ya kalibu ile kwenye sakafu iliyonyooka, kwa kimo, yakigusana, upime urefu wa safu zote mbili. Zisipolingana, kalibu hizo zisijenge nyumba moja. Kuvika ukingo wa chini kwa ukanda wa bati kunaongeza maisha ya kalibu, na kuilowesha kisha kuinyunyizia mchanga mkavu kabla ya kila tofali kunazuia udongo kung'ang'ania.

Kwa matofali ya udongo na saruji, chombo kinachostahili kweli kumilikiwa kwa pamoja ni mashine ya mkono ya kufyatulia. Ya kwanza kujulikana sana, CINVA-Ram, ilibuniwa na mhandisi Raúl Ramírez huko Bogotá, Kolombia, miaka ya 1950, na nyingi zilizofuata zimeiga umbo lake: boksi la chuma, mfuniko, bamba linalopanda kutoka chini, na wenzo mrefu. Tofali lake lina takriban sentimita 29 kwa 14 kwa 9, na likiwa bichi lina uzito wa kilo 7 hivi. Ukiongeza sentimita moja ya mota, kila mita ya mraba ya ukuta inakula matofali 33. Nyumba yetu ya 8 kwa 6 yenye kuta za nje za mita 2.4, ukiondoa milango na madirisha, inahitaji karibu 1,900. Fyatua 2,000 kwa ajili ya yatakayovunjika. Kundi lililozoea linatoa 300 kwa siku, kwa hiyo mashine inahitajika kwa mwenye nyumba mmoja wiki moja tu.

Kabla mashine haijatoka ghalani, mwazimaji alete majibu ya udongo wake. Aondoe udongo wa juu wenye mizizi, achukue wa chini, aupitishe kwenye chekeche la matundu ya milimita 5 au 6. Kisha atengeneze kisanduku chenye ndani sentimita 60 kwa 4 kwa 4, akipake mafuta, akijaze udongo mbichi na kuushindilia vizuri, akiache juani siku 3 au kivulini siku 7. Udongo ukikauka unasinyaa. Ausukume wote upande mmoja, apime pengo. Pengo chini ya milimita 15, saruji ndoo 1 kwa udongo ndoo 18. Kati ya 15 na 30, moja kwa 16. Kati ya 30 na 45, moja kwa 14. Kati ya 45 na 60, moja kwa 12. Zaidi ya hapo udongo una mfinyanzi mwingi mno. Auchanganye na mchanga, arudie. Mtu akikimbilia kuongeza saruji kwenye udongo wa mfinyanzi mtupu anapoteza saruji, kwa sababu nyufa zinatokana na kusinyaa kwa udongo wenyewe.

Maji nayo yana kipimo chake. Bana konzi ya mchanganyiko mkononi, ishikane, kisha iachie ianguke kutoka kimo cha mita moja hivi kwenye sakafu ngumu. Ikipasuka vipande vichache, endelea. Ikisambaa kama vumbi ni kavu. Ikibaki donge moja au ikabonyea, umezidisha maji, na tofali litang'ang'ania boksini au litavimba likitoka. Changanya kiasi ambacho mtakimaliza ndani ya saa moja, kwa maana baada ya hapo saruji imeshaanza kushika.

Kinachoharibu tofali kuliko yote ni kujaza pungufu. Wenzo ukishuka kwa urahisi, udongo haukubanwa, na ukishalitoa tofali hilo kulipanga na wenzake hutalitambua tena. Litajitambulisha lenyewe mvua za pili. Tengenezeni kipimo cha kujazia, kopo lililokatwa kimo sawasawa, ambacho mtu mmoja akiuegemea wenzo unafika mwisho kwa shida. Kinachoharibu mashine ni kinyume chake: boksi limejazwa kupita kiasi, wenzo haushuki, basi wawili wanauning'inia au wanauongezea bomba. Pini inapinda. Pini iliyopinda inabanisha bamba upande mmoja, na tangu hapo kila tofali lina upande mmoja mrefu kuliko mwingine. Kwa hiyo mtu mmoja tu kwenye wenzo, wala bomba lisionekane karibu. Pini ya akiba na boliti zake zifungwe kwenye mfuko unaosafiri na mashine.

Tofali bichi libebwe kwa viganja viwili ubavuni, lisishikwe pembe. Siku ya kwanza yakae safu moja kivulini, yakifunikwa kwa nailoni, magunia au nyasi mbichi. Yamwagiliwe taratibu yasikauke kwa siku 7 angalau. 14 ni bora. Hapa ndipo ratiba inapokuwa tamu: mwenye matofali anamwagilia, mashine imeshahamia kwa jirani, na sururu aliyomaliza nayo inachimba msingi wa mtu wa tatu. Vifaa vikipangwa kwa kufuata hatua ya kila nyumba, mashine moja na sururu mbili zinatosheleza nyumba kadhaa ndani ya kiangazi kimoja. Vikipangwa kwa aliyewahi kuomba, wawili wanagombea mashine huku matofali ya mmoja wao hayana hata msingi wa kukaa.

Kitu kidogo ambacho kila ghala linaweza kujitengenezea: boksi la kupimia zege. Mfuko wa saruji wa kilo 50 una ujazo wa lita 35 hivi. Boksi lisilo na kitako, lenye ndani sentimita 40 kwa 35 kwa kimo cha 25, lina lita 35 kamili. Liweke chini, jaza mchanga, pitisha mbao juu kusawazisha, linyanyue. Kwa jamvi, yaani zege la sakafu, la 1:2:4, tia mfuko mmoja wa saruji, boksi mbili za mchanga, boksi nne za kokoto, na maji lita 25 hadi 30. Kupima kwa mabeleshi hakufai, kwa sababu beleshi la mchanga mbichi linabeba lundo na la saruji linateleza, na mchimbaji wa asubuhi si yule wa saa nane mchana.

Kuhusu makali na mipini nitasema yale yanayokosewa zaidi. Sururu ina tundu lililopanuka upande wa juu. Mpini unapitishwa kutoka juu na kila pigo linaukaza, kwa hiyo hauhitaji kabari, na kichwa kinavuliwa kwa urahisi wakati wa kusafirisha. Shoka na nyundo ni kinyume: mpini unaingia kutoka chini, juu unapasuliwa kwa msumeno hadi theluthi mbili za kina cha tundu, ndipo kabari ya mbao ngumu inapigwa. Chagua mti uliokauka vizuri wenye nyuzi zinazokwenda moja kwa moja hadi mwisho, usio na jicho sehemu ya kushikia. Mpini wa mti mbichi unakazwa leo, ukikauka unalegea.

Na kule kuchovya kichwa cha shoka ndani ya maji usiku kucha kuache kabisa. Mti unavimba, lakini umebanwa na chuma, kwa hiyo nyuzi zake zinajiponda zenyewe. Ukikauka unakuwa mwembamba kuliko ulivyokuwa, na wa pili kuazima anapewa shoka lililolegea zaidi ya jana. Piga kabari mpya, kisha pakaa mafuta ya kitani. Matambara ya mafuta hayo yatandazwe nje moja moja yakauke, au yatiwe kwenye maji. Yakirundikwa pembeni mwa ghala yanajipasha joto na yanaweza kuwaka yenyewe bila kiberiti.

Tupa inakata ikienda mbele tu. Inyanyue wakati wa kurudi, vinginevyo unaua meno ya tupa badala ya kunoa jembe. Ukitumia mashine ya kunolea shoka au patasi, chovya kwenye maji kila mara. Makali yakigeuka rangi ya samawati, ugumu wa chuma hapo umekwisha na yatapinda kwenye gogo la kwanza. Patasi na tindo zenye kichwa kilichochanua kama uyoga zisiazimwe mpaka zichongwe, kwa kuwa vipande vya ukingo huo huruka machoni. Misumeno iwe miwili kwa rangi: mmoja wa mbao safi za milango na kenchi, mwingine wa mbao za kumwagia zege zenye misumari na saruji kavu. Ukiuchanganya hata mara moja, umepoteza asubuhi nzima ya kunoa meno.

Daftari la ghala liwe na jina, tarehe, hali ya kutoka, hali ya kurudi na aliyepokea. Sipendi faini. Mtu anayeogopa faini hufunga ufa kwa waya, akapaka tope, akarudisha jioni gizani. Mwache aseme, "Mzee, mpini umeingia ufa," naye asaidie kuubadilisha palepale kwa mipini ya akiba, miwili kwa kila kichwa. Mwiko, uzi na nyundo ndogo kila mtu awe na vyake. Vinazoea mkono, na ni vyepesi kupotea.

Ngazi ya mbao isipakwe rangi kamwe, hata kama inapendeza. Rangi inaficha ufa, na ngazi ya pamoja inapandwa na watu wasioijua historia yake. Mafuta ya kitani yanailinda na yanaacha kila kitu kionekane. Kabla ya kuiazima, ilaze chini, kanyaga kila kipawa karibu na mihimili miwili, sikiliza. Kinacholia kibadilishwe siku hiyohiyo. Ukiisimamisha, kila mita 4 za kwenda juu miguu iachane na ukuta mita 1, na juu ivuke ukingo wa paa kwa mita moja, ili anayeshuka na nyundo mkononi awe na mahali pa kushika kabla mguu haujatafuta kipawa cha kwanza.